Kwa nini ziara yetu ya maji huanzia jarubani Chekereni, siyo kwenye maporomoko

Kila baada ya siku chache tunapigiwa simu na mwalimu au mzazi anayetaka kuleta watoto Moshi kwa siku moja. Ombi huwa lile lile: tupelekeni maporomoko ya Materuni, watoto wacheze na maji, waone kahawa inavyokaangwa, wale ndizi, warudi. Ni safari nzuri, na hapa mjini wapo wenzetu wengi wanaoifanya kwa ustadi. Ila mtu akituambia anataka watoto wajifunze habari za maji na kilimo, tunamwomba jambo moja: akubali tuanzie chini, Chekereni kwenye tambarare ya mpunga, katika jaruba la mwisho (kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta), tupande na maji hadi msituni. Wengi hushangaa. Basi tumeona tueleze sababu hapa.

Mtoto akiyaona maji kwanza pale yanapomwagika kwa kishindo usiku na mchana, anaondoka akiamini Kilimanjaro ina maji yasiyokwisha. Ukimwambia baadaye kwamba tambarare kuna watu wanaamka saa 8 za usiku kulinda zamu yao ya maji, atakuitikia kwa adabu tu. Haimwingii.

Sisi wenyewe tulijifunza hili kwa aibu. Mwaka wetu wa kwanza tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kuona mpunga ukimwagiliwa. Njia nzima tumewasimulia majaruba yaliyojaa maji. Kufika, mfereji mkavu. Kwenye jaruba la mwisho udongo umepasuka vipande vipande, na majani ya mpunga yameanza kuwa njano kwenye ncha. Nilitaka kuwaomba radhi walimu na kugeuza gari. Mama mwenye jaruba akanizuia. "Acha waone hivyo hivyo, mwanangu." Akachuchumaa, akatumbukiza kidole cha shahada kwenye ufa. Kikazama chote. Akawaita watoto nao wajaribu, wakapanga foleni juu ya tuta, wakawa wanachuchumaa mmoja mmoja. Kisha binti mmoja akauliza, "Sasa bibi, maji yameenda wapi?" Mama akanyanyua mkono kuelekea mlimani. "Yamelala huko juu. Leo siku ya tatu."

Tukawapandisha watoto kwenye gari, tukaufuata mfereji kurudi ulikotoka. Hadi leo ratiba yetu ni ile ya siku ile.

Tunaondoka mjini saa 1 asubuhi, na kabla jua halijawa kali tuko Chekereni. Majaruba haya ni sehemu ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa mkopo na utaalamu wa Japani. Ilipangwa kuhudumia hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 ziwe za mpunga, kwa maji ya mito miwili, Rau na Njoro. Mabanio, yaani vizuizi vya kugeuzia maji ya mto mferejini, yalijengwa, mifereji mikuu ikawekwa zege, mashamba yakasawazishwa na kugawanywa majaruba, ikaletwa mbegu ya mpunga mfupi, IR54. Mavuno yakapanda hadi tani 6 na zaidi kwa hekta. Kwa mkulima aliyezoea magunia machache ya mahindi ya kubahatisha mvua, haya yalikuwa maisha mapya.

Shida ikazaliwa na mafanikio hayo hayo. Wakulima wa juu ya mabanio walikuwa wakiangalia. Walipoona mpunga unavyolipa, nao wakachimba mifereji yao na kuanzisha majaruba yao. Mto haukuongezeka. Haikuchukua miaka mingi eneo la mpunga linalopata maji ndani ya skimu likapungua sana, huku zege lipo, mageti yapo na wataalamu wapo.

Hapa ndipo huwa tunawaomba walimu wasiwe na haraka. Watoto hupenda kumtafuta mwizi. Lakini yule wa juu naye ana ada za shule za kulipa, na mto ulipita mlangoni kwa babu yake kabla ya ramani yoyote kuchorwa. Tunawaacha wabishane. Darasa la sita wa shule moja ya hapa Moshi walibishana dakika 40 juu ya tuta, na mwalimu wao akatuambia hajawahi kuwasikia wakitumia neno "haki" mara nyingi namna ile.

Kisha tunapima. Kila kundi la watoto wanne linapewa chungwa, futi kamba na simu yenye saa. Chungwa ni kifaa kizuri kuliko jani au kijiti kwa sababu linazama karibu lote, hivyo linakwenda na maji na halisukumwi na upepo. Wanachagua sehemu ya mfereji iliyonyooka, wanapima meta 10, mmoja anadondosha chungwa juu, mwingine anapiga kelele likipita chini. Tuseme limetumia sekunde 25. Mwendo ni meta 0.4 kwa sekunde. Mfereji una upana wa sentimeta 60 na kina cha sentimeta 30, basi eneo ambalo maji yanapita ni meta za mraba 0.18. Wanazidisha, wanapata meta za ujazo 0.072, yaani lita 72 kwa sekunde. Tunawaambia wapunguze: maji ya kando na ya chini yanajikokota kwa kugusana na udongo, kwa hiyo wachukue sehemu 8 kati ya 10. Zinabaki lita 57 na ushee.

Ni nyingi au chache? Tunarudi kwa yule mama. Jaruba la mpunga siku ya jua linaweza kupoteza maji ya kina cha milimeta 10, mengine hewani, mengine ardhini. Milimeta 10 ni unene wa kidole tu. Lakini unene huo juu ya hekta moja ni lita 100,000, yaani madumu 5,000 ya lita 20, kwa siku moja. Yule anayebeba dumu kichwani nyumbani kwao analielewa hesabu hili haraka kuliko mwalimu wake. Mfereji wetu wa lita 57, ukitiririka usiku na mchana bila tone kupotea njiani, unatosha hekta 50 hivi. Na tone kupotea ni lazima: panya wametoboa tuta, geti halifungi vizuri, mtu kazibua kwa jembe usiku. Tunawaonyesha yote, watoto wanayaandika.

Wale wa sekondari huwa tunawaongezea kilimo shadidi. Wengi tumelelewa tukiamini mpunga lazima ukae majini wakati wote. Katika shadidi miche huhamishwa ikiwa michanga, siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa shimo, sentimeta 25 kwa 25, na jaruba huachwa likauke hadi udongo uanze kuonyesha nyufa nyembamba ndipo maji yarudishwe. Maji kidogo, machipukizi mengi. Ni kazi, kwa sababu magugu nayo hufurahia jaruba lisilo na maji, na palizi inaongezeka. Mkulima atakuambia mazuri yake na mabaya yake, nasi hatumkatizi.

Tukitoka Chekereni tunapanda. Mjini hatukai, tunapita tu, ila tunasimama kidogo daraja la Rau ili watoto wauone mto ule ule ukiwa mwembamba katikati ya nyumba. Kuanzia hapo hewa inabadilika, migomba inaanza, na kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha mwenyeji wetu, chini ya migomba na mibuni, tunakutana na mfongo.

Naomba nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mfongo ni mfereji wa Wachagga, umechimbwa kwa mkono kando ya mteremko, ukishuka taratibu mno hata macho yasione. Waliouchimba hawakuwa na pimamaji ya fundi. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo: unachimba kidogo, unaruhusu maji, yakigoma unarekebisha. Banio ni mawe, matawi, mabonge ya nyasi na magogo ya mgomba. Mafuriko ya masika yakija, banio linachukuliwa na linajengwa tena. Linaacha mafuriko yapite, na ndiyo maana haliangushi kingo za mto. Sehemu nyingine kuna nduwa, bwawa dogo linalojaa usiku watu wamelala, asubuhi linafunguliwa na maji yanakuja kwa nguvu ya kutosha kufika shamba la mbali. Ndugu zetu wa Upare wanaiita ndiva, na huko nako ni kazi ya mababu.

Mfongo una wenyewe. Ukoo ulioanzisha una heshima yake, zamu zinajulikana, na siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila mwenye zamu anafika na jembe kusafisha. Asiyefika anatozwa, na akizidi ukaidi anakosa maji. Mzee anayetupokea, watoto wakishamaliza shikamoo zao, huwa anawaambia, "Maji ni ya Mungu, wajukuu zangu. Mfongo ndio wa watu." Kisha anawapa majembe mawili na kuwaonyesha jinsi ya kugeuza maji kwa bonge la udongo na jani la mgomba. Wakiweka vibaya, maji yanapita pembeni na kuwalowesha miguu, nao wanaelewa.

Juu ya desturi hizo sasa ipo sheria ya maji ya mwaka 2009, inayotaka kibali kwa anayechukua maji ya mto kwa umwagiliaji. Msimamizi huku kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye ofisi hapa Moshi. Zipo jumuiya za watumia maji zinazowakalisha wa juu na wa chini meza moja. Mimi naamini njia ni hiyo, ingawa ni ya polepole. Zege pekee halikuweza.

Tunamalizia mpakani mwa msitu. Hapa swali ni moja kila safari: "Maji haya yanatoka kwenye barafu?" Kibo, kilele cha mlima, ikiwa wazi siku hiyo, jibu linaonekana rahisi. Barafu ipo, na inapungua: kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Lakini kinachoilisha mito yetu hasa ni msitu. Mvua nyingi ya mlima huu hunyesha kwenye ukanda wa msitu wa upande wa kusini, na ukungu hunaswa na majani na kuvu la kijani, laini kama sufu, linalofunika matawi, ukadondoka tone baada ya tone. Tunawaambia watoto wakamue kiganja kimoja cha kuvu lililoanguka chini. Maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Baada ya hapo huhitaji kuwaeleza kwa nini moto wa msituni ni habari ya Chekereni.

Na siyo Chekereni tu. Kinachobaki baada ya majaruba na mashamba ya tambarare huelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani unazungusha mitambo ya umeme: megawati 8 pale bwawani, 21 Hale, 68 kwenye kituo cha New Pangani Falls, kabla ya kuingia baharini. Tulipokuwa na wanafunzi kutoka Tanga, mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe sisi ndio wa mwisho."

Sasa mambo ya maandalizi. Tunapokea makundi yasiyozidi 35, kwa sababu tuta la jaruba halibebi watu wengi na mkulima anahitaji kusikika. Hatuendi msimu wa mvua kubwa ya masika. Njia za vihambani huteleza na banio huwa hatari. Kila mtoto tunampa gambuti, na tunasisitiza: hakuna kuingia peku kwenye mfereji wala jaruba huku tambarare, kwa sababu kichocho kipo. Mzazi mmoja alituona tuna masharti mengi. Kwa hili hatulegezi.

Gharama tunayokutajia inajumuisha usafiri, chakula cha mchana kihambani (mtori na ndizi nyama, kwa asiyekula nyama tuambie mapema) na malipo ya wenyeji: mama wa jaruba, mzee wa mfongo na chama cha wakulima. Wote tunawalipa siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka, maji yawepo au yasiwepo. Hatumwombi mkulima azibue maji nje ya zamu yake ili wageni wapige picha. Ukikuta mfereji umekauka, tutauona hivyo ulivyo.

Ukitupigia, tuambie darasa, idadi na wiki unayotaka. Tutampigia mama kwanza, atuambie mpunga uko hatua gani na zamu yake inaangukia siku ipi, ndipo tukujibu. Watoto waje na daftari, kofia, chupa ya maji ya kunywa, na jozi ya pili ya soksi.