Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, Zanzibar

YAH: UPANA WA MILANGO YA DHARURA VIWANDANI

Mheshimiwa Kamishna,

Assalaam alaykum.

Mimi ni fundi seremala wa Unguja, na milango ndiyo riziki yangu kwa miaka mingi. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wafanyakazi wa viwandani, ambao wengi wao hawapati nafasi ya kufika ofisini kwako.

Niliitwa katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, nibadilishe bawaba za mlango uliopakwa rangi nyekundu na kuandikwa "Mlango wa Dharura". Nilisubiri karibu saa nzima kabla ya kuanza kazi, kwani mlango ulikuwa na kufuli na ufunguo alikuwa nao msimamizi, aliyekuwa amekwenda benki. Kutoka mwimo hadi mwimo nilipima sentimita 90, lakini ulipofunguliwa, unene wa ubao na kitasa kilichochomoza vilikula sehemu yake, futi ikasoma 79. Hatua moja nje ya kizingiti palikuwa na mabunda ya maboksi matupu, yaliyoacha upenyo wa sentimita 52. Kwenye karatasi za kiwanda, bila shaka, huo ni mlango wa sentimita 90.

Hapo ndipo lilipo ombi langu. Viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, ambavyo hufuatwa au kuigwa katika nchi nyingi, huhesabu upana ule tu ambao mtu anapita, mlango ukiwa wazi, na kwa mlango mpya upana huo kwa kawaida haupungui sentimita 81. Kisha upana hugeuzwa kuwa idadi ya watu: milimita 5 kwa kila mtu penye sakafu iliyo sawa, na milimita 7.6 kwa kila mtu kwenye ngazi, kwa kuwa watu huteremka polepole kuliko wanavyotembea. Kwa hesabu hiyo mlango wa sentimita 81 unatosha watu 160 hivi. Lakini ukiwapeleka kwenye ngazi ya sentimita 90, njia nzima inabaki ya watu 118, maana njia hupimwa pale ilipo nyembamba kuliko pote. Viwango hivyo pia haviridhiki na njia moja: watu wakizidi 500 katika ghorofa moja hutakiwa njia tatu, na wakizidi 1,000 njia nne, zikiwa mbali mbali ili moto mmoja usizizibe zote.

Mlango niliouzungumzia ulifunguka kwa ndani, na hili naona haya kulisema, kwa sababu ni kosa letu sisi mafundi. Milango ya Mji Mkongwe tuliyojifunzia hufunguka kwa ndani na hukomewa ili aliye nje asiingie, jambo ambalo ni sawa kabisa kwa nyumba. Kiwandani watu wakisukumana kutoka, wa mbele hubanwa kwenye ubao na hapati nafasi ya kuuvuta. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka mlango wa chumba cha watu zaidi ya 50 ufunguke kuelekea nje, tena bila ya ufunguo kwa aliye ndani.

Nilipouliza habari ya kufuli niliambiwa ni kwa ajili ya wizi. Sababu hiyo ni ya zamani. Tarehe 25 Machi 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, mlango mmoja wa ngazi wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa ili wafanyakazi watokee upande mmoja na kupekuliwa mikoba. Walikufa watu 146. Mwaka 2012 mjini Karachi, Pakistan, zaidi ya watu 250 walikufa katika kiwanda cha nguo ambacho milango yake ilikuwa imefungwa na madirisha yake yana nondo.

Kwa kuwa viwanda vinatarajiwa kuongezeka, hasa katika maeneo huru ya uchumi ya Fumba na Micheweni, naomba wakaguzi wako wapime kwa futi mlango ukiwa wazi, na idadi ya watu inayopatikana iandikwe kwa Kiswahili pembeni mwa mlango, ili hata mfanyakazi wa zamu ajue kuwa waliomo wamezidi. Naomba pia ukaguzi usisubiri kiwanda kitayarishwe kwa ajili ya wageni. Waje saa nne ya asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto na maboksi yamejaa njiani, kisha wamuombe mfanyakazi yeyote aliye karibu awafungulie mlango.

Wabillahi tawfiq.

Fundi seremala,
Unguja