Beyoncé hakuanzisha, mwanangu

Mwanangu,

Hujambo huko Nairobi. Ile meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu, "Mama ona, Beyoncé ameanzisha country ya watu weusi." Country, ule muziki wa mashambani wa Marekani. Ameanzisha? Nilikuwa jikoni nachemsha chai nikacheka mpaka maziwa yakamwagika motoni, halafu nikakasirika kidogo, maana ni wewe huyu huyu krismasi iliyopita uliyezima spika mbele ya marafiki zako eti Charley Pride wangu, mwimbaji wa country, anakuaibisha, eti mama na muziki wake wa wazungu wazee. Sijasahau. Sasa tulia nikwambie, na nitaandika vile ninavyoongea, mambo ya koma usiniulize.

Nianze na babu yako. Alikuwa na redio ya betri kubwa nne, zikiisha nguvu tunazianika juani kwa mabati mchana kutwa ndio jioni iongee angalau nusu saa. Mtoto kuigusa hiyo redio ni kutafuta kiboko. Jim Reeves akiimba nyumba nzima kimya, Kenny Rogers unaruhusiwa kukohoa, lakini Charley Pride ndiye alikuwa wake kabisa, na babu aliamini kwa roho yake yote kwamba huyo ni mzungu, tena mzungu wa shamba kubwa. Mpaka siku moja jirani aliyekuwa anafanya kazi mjini akaja na rekodi ina picha juu. Babu akaiangalia, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Akasema, "Lakini huyu ni mtu wetu." Hakuongea tena mpaka jioni.

Na hakuwa mshamba, wacha kucheka. Wamarekani wenyewe walifanyiwa hivyo hivyo, tena makusudi, mwaka wa 1966 kampuni ya muziki ya RCA ilipotoa rekodi za kwanza za Pride ilizituma kwa stesheni za redio bila picha, watu waipende sauti kwanza. Halafu akaenda kuimba Detroit kwa uwanja mkubwa, watu wanapiga makofi jina likitajwa, akatokea jukwaani, makofi yakakatika puu. Unajua alifanya nini? Akawatania, akawaambia anajua inashangaza mtu kusimama hapo na country akiwa na hii ngozi iliyopigwa na jua moja kwa moja. Wakacheka, akaimba. Mwaka wa 1971 akachukua tuzo kubwa kabisa ya chama chao cha country, ya mburudishaji wa mwaka. Kabla ya hayo yote alikuwa mchezaji wa besiboli na akafanya kazi kwa kiwanda cha kuyeyusha madini huko Montana, sio mtu aliyeletewa vitu kwa sahani.

Lakini kilichonishika mimi ni utoto wake. Alizaliwa Sledge, Mississippi, baba yake analima pamba kwa shamba la wenyewe wanagawana mavuno, na Jumamosi usiku huyo mzee anafungua redio yake ya Philco kutafuta Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha country kutoka Nashville. Niliposoma hapo nilimwona babu yako waziwazi, na betri zake.

Sasa hiyo Opry yenyewe. Ilianza 1925 kwa stesheni ya WSM, ambayo ilikuwa mali ya kampuni ya bima, hata hizo herufi tatu ni tangazo la bima, kwamba tunakinga mamilioni. Na siku ilipopewa jina, Desemba 1927, nani alikuwa anapiga? DeFord Bailey. Mtu mweusi, mfupi, aliugua polio akiwa na miaka 3, anapiga hamonika, kile kinanda cha mdomo. Kipindi kilichotangulia kilikuwa cha muziki wa wasomi, opera na nini, kikaisha, Bailey akaingia na "Pan American Blues" yake, garimoshi zima ndani ya mdomo wa mtu mmoja, unalisikia linatoka stesheni polepole, linashika kasi, linapiga honi kwa njia panda, mpaka unataka kusogea kando lipite. Mtangazaji, George D. Hay, akasema saa nzima tumesikiliza opera kubwa, kuanzia sasa hii yetu ni Grand Ole Opry. Ndio hilo jina mpaka leo.

Halafu ona walichomfanyia. Wakizunguka kwa shoo anapendwa sana, lakini hoteli hazimlazi, wenzake wanaingia yeye anatafuta pa kulala kwa watu weusi wa mtaa huo. 1941 kukawa na vita vya haki za nyimbo kati ya redio na chama cha watunzi, nyimbo zake za zamani zikawa haziruhusiwi hewani, wakamtoa. Na huyo huyo Hay akaja kuandika kwamba jamaa alikuwa mvivu, hataki kujifunza nyimbo mpya. Mvivu! Mtu aliyepiga hapo karibu kila Jumamosi miaka kumi na kitu. Bailey akarudi kung'arisha viatu hapo hapo Nashville. Alikufa 1982, wakamwingiza kwa jumba lao la heshima 2005. Mimi hiyo heshima ya maiti huwa hainiingii.

Na banjo yenyewe, kile chombo cha nyuzi cha country, wewe unayeniletea mambo ya wazungu, ilitoka kwa watumwa waliotolewa Afrika Magharibi. Hank Williams, nyota mzungu wa country, alifundishwa gitaa na mzee mweusi wa barabarani anaitwa Rufus Payne. Haya, tuendelee, nisikuchoshe.

Jimmie Rodgers, mwimbaji mwingine wa country. Huyu alikuwa mzungu kweli, wa Mississippi, kazi ya reli, kufunga breki za mabehewa. Agosti 1927 akarekodiwa Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, wiki hiyo hiyo na familia ya waimbaji ya Carter, na ndio maana wengi wanasema country ilizaliwa hapo. Blues, ule muziki wa huzuni wa watu weusi, aliitoa kwa watu weusi wa reli, 1930 akarekodi na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi wa jazz. Alikuwa na TB. Mei 1933 alienda New York kurekodi akiwa hoi, wakamwekea kitanda hapo studio, anaimba wimbo mmoja analala kidogo, anaamka anaimba mwingine. Siku mbili baada ya kurekodi mara ya mwisho akafa. Miaka 35.

Na santuri zake zikafika wapi? Kwetu! Mwaka wa 1950 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alikuja na mashine zake za kurekodi Kapkatet, hapo unapopita ukitoka Sotik kwenda Litein, akakuta wasichana wa Kipsigis wanaimba na kibugandet, kinubi chao cha kienyeji, wimbo wa kiumbe anaitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swara, wanambembeleza acheze aruke mpaka nguo zimtoke. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina limepitia ulimi wa Kikipsigis. Sauti imetoka kwa sanduku bila mtu, sasa wewe ungesema ni nini?

Kwa hivyo huyo Beyoncé wako nampenda, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushika namba moja kwa chati ya country ya Billboard, 2024, na Grammy ya albamu ya country akabeba, hongera kwake. Lakini si yeye mwenyewe alimleta Linda Martell, mwimbaji mweusi wa country wa zamani, kwa hiyo albamu? Mama huyo aliimba Opry 1969, alizomewa na kutukanwa kwa majukwaa mengine. Beyoncé anajua hakuanzisha, ni wewe hujui.

Jana nimemwekea kogo, bibi yako, ile rekodi ya Kapkatet kwa simu. Amesikiliza amefumba macho, halafu akauliza, huyu Chemirocha alikuwa ameoa? Nikamwambia ndio, lakini alikufa kijana, kifua. Akasikitika kama ni mtu wa hapa kijijini, akasema rudisha tena. Tumeirudisha mara nne mpaka bando ikaisha.

Kwa hivyo nitumie bando. Na ile spika uliyobeba, uje nayo Agosti.

Mama yako