Malalamiko: Njia ya akiba mliyotupangia haifikishi mwanga unaosomeka

Kwa Meneja wa Usanifu wa Mitandao,

Usiku kebo ya njia kuu ilipokatika, mfumo ulihamishia chaneli zote (miale ya mwanga inayobeba taarifa ndani ya faiba, yaani nyuzi za kioo) kwenye njia ya akiba kama mlivyoahidi. Mwanga ulifika. Taarifa ndizo hazikufika: vipokezi vilihesabu makosa mengi kuliko yanayoweza kusahihishwa, na wateja wetu wakakaa bila huduma hadi alfajiri, mafundi walipomaliza kuunga kebo.

Nimeupitia upya mpango wenu. Njia kuu ina kilomita 480, yaani vipande 6 vya kilomita 80. Ya akiba ina kilomita 960, vipande 12. Faiba ya kawaida hupoteza takriban desibeli 0.2 kila kilomita (desibeli hupima uwiano wa nguvu; kushuka 3 ni kupungua kwa nusu), kwa hiyo kila kipande kinakula desibeli 16 kabla hata ya kuhesabu viungo vya kebo, na lazima kiwe na kikuza mwanga chake. Kikuza hakichagui: hukuza ishara pamoja na kelele iliyokwisha kuingia, kisha huongeza yake. Vipande vya aina moja vikiwa maradufu, uwiano wa ishara kwa kelele hushuka desibeli 3. Hesabu hiyo ni ya mstari mmoja, nami sijaiona popote katika kurasa zenu. Mmehesabu nafasi za chaneli tu, kana kwamba masafa ya mawimbi ya mwanga yakiwa wazi basi njia imepatikana.

Kilichoniumiza zaidi ni ushauri wa fundi wenu kwa simu usiku ule: tuongeze nguvu ya leza. Tukamsikiliza. Nguvu ikizidi ndani ya faiba, chaneli huanza kuvurugana. Zikiongezwa zote desibeli 1, kelele ya mvurugano huo hupanda 3. Chaneli 2 zilizokuwa bado zinajikongoja zikazimika kabisa.

Naomba mrudie hesabu ya kila njia ya akiba kwa vipimo halisi vya faiba, ambavyo tuliwakabidhi kabla ya kutia saini. Ingizeni vichujio vya mwanga vya kila nodi (kituo cha makutano ya njia) inayopitiwa, na mbakize desibeli za ziada kwa ajili ya viungo vipya na uchakavu wa vifaa. Pale ishara isipotosha, andikeni wazi kwamba chaneli ya gigabiti 200 kwa sekunde itashuka hadi 100. Transponda zenu, yaani vifaa vinavyotuma na kupokea mwanga, zinaweza kufanya hivyo. Tungeikubali nusu ya kasi usiku ule, na hakuna mteja ambaye angekatika.

Malipo ya awamu ya mwisho tumeyasitisha hadi tupokee mpango uliorekebishwa.

Wenu,
Mhandisi wa Uendeshaji wa Mtandao