Barua ya wazi kwa vijana wanaotengeneza katuni kwa kompyuta

Wanangu,

Nimefurahi kusikia kwamba mmeungana watu sita kutengeneza katuni ya dakika 5. Lakini nimeambiwa pia kwamba mmekwisha kuanza kuwachezesha wahusika ilhali mwisho wa hadithi bado mnaubishania, na hilo limenitia wasiwasi.

Tupige hesabu pamoja. Kwa kipimo cha fremu 24, yaani picha 24 moja moja, kila sekunde, dakika 5 ni fremu 7,200. Kompyuta yenu moja ikitumia dakika 10 kuzalisha kila fremu, mtahitaji siku 50 mchana na usiku, na umeme usikatike hata mara moja. Kwa hiyo choreni kwanza hadithi nzima kwa kalamu, mrekodi sauti zote, kisha muunganishe michoro hiyo na sauti muitazame kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla yeyote kati yenu hajaifungua Blender, ile programu ya kutengenezea katuni.

Sauti nimeitaja kwa makusudi. Katika kazi moja niliyoisimamia, nilibadilisha maneno ya bibi aliyesimama mlangoni, kutoka "Ingia ndani" hadi "Karibu, mjukuu wangu", wakati mdomo wake ulikuwa umekwisha kuchezeshwa. "Ingia" haifumbi midomo popote, ilhali b ya "karibu" na m ya "mjukuu" huifumba kabisa, hivyo bibi akawa anasema neno moja na mdomo wake neno jingine. Kijana aliyeuchezesha mdomo ule alirudia kazi ya siku tatu kwa kosa langu mimi.

Kila onyesho liwe na mwenyewe mmoja, na asiyekuwa mwenyewe asiliguse bila kumwambia. Umbo la bibi likae katika faili moja tu, na maonyesho yote yaliunganishe kutoka humo, ili kanga yake ikibadilishwa rangi ibadilike kote. Mnapopeana kazi, pelekeni folda nzima pamoja na picha zinazompa bibi rangi zake. Zikikosekana, Blender itamwonyesha mwenzenu bibi wa waridi kali mwili mzima. Faili zipewe namba, kama onyesho03_v02, yaani onyesho la tatu, toleo la pili, wala pasiwepo faili liitwalo "mwisho kabisa", na nakala ya kila siku ikae kwenye diski ya nje, katika nyumba nyingine.

Mgawanyo wa mapato uandikeni sasa, mkiwa bado mnapendana.

Mkikutana tena, anzeni na ule mwisho wa hadithi. Mkiukubali wote sita, nileteeni michoro niitazame.

Mzee wenu