Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Vijana Wetu na Majeraha ya Uwanjani

Ndugu wanachama, wazazi na makocha,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na matokeo ya mechi mnayajua. Muda wangu nitautumia kwenye mafunzo ya kuzuia majeraha ya mpira wa wavu, jambo ambalo mwaka jana, ukumbini humu humu, mimi mwenyewe nililiita kupoteza muda. Naomba kulifuta neno hilo.

Kilichonibadilisha ni kukaa mazoezini. Kwenye wavu, mtu huumia zaidi anapotua kuliko anaporuka. Mzuiaji anashukia mguu wa mpigaji wa upande wa pili, kifundo kinateguka. Sheria inaruhusu mguu kuvuka mstari wa kati ili mradi sehemu yake ibaki juu ya mstari, na hapo ndipo miguu inapokutana. Norwei walilishughulikia hili tangu miaka ya 1990: waliwafundisha wachezaji kuruka na kutua, na waliowahi kuteguka wakafanya mazoezi ya kusimama kwenye ubao unaoyumba. Kuteguka kulipungua karibu nusu.

Sisi ubao huo hatuna. Watoto wanasimama mguu mmoja wakirushiana mpira, na mazoezini tuna sheria kali kuliko ya mechi: ukigusa mstari, pointi imekwenda. Kutua nako tunakupima kwa sikio. Kishindo kikisikika, unarudia. Magoti yakikunjwa vizuri, kimya. Wenyewe wanaita "kutua kipaka". Nguzo za wavu tumezivika sponji la godoro kuukuu, na barafu tunanunua kwa jirani, zile za vifuko.

Lililotushinda ni ratiba. Binti wa miaka 14 anafanya mazoezi shuleni, jioni anakuja kwetu, na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikikaribia anaongezewa ya alfajiri. Mwili wenyewe bado unakua. Maumivu ya chini ya pia ya goti si uvivu, wala hayaishi kwa kukandwa usiku na kurudishwa uwanjani asubuhi. Tena wapo makocha wetu, sitawataja, ambao wakichelewa kufika, dakika 15 za kupasha mwili ndizo wanazokata kwanza. Nimekwisha kuzungumza nao, mara mbili.

Kamati inaleta pendekezo moja mbele yenu: aliyeteguka asirudi kucheza mpaka aweze kusimama na kurukaruka kwa mguu ule ule bila maumivu, hata kama kesho ni fainali. Wazazi, hapo mtatusaidia sana kwa kutotupigia simu za kubembeleza.

Daftari la majeraha liko mezani kwa katibu. Lisomeni hapa hapa. La kwanza liliazimwa, na mpaka leo halijarudi.