Lenzi ya kupigia picha ndege za abiria: tusikimbilie iliyo ndefu kuliko zote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu vijana wa hapa Unguja wanaopenda kupiga picha za ndege na ambao, kila tukikutana karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, huniuliza wanunue lenzi ya milimita ngapi. Milimita hizo ndizo urefu wa lenzi: zikiwa nyingi, huvuta zaidi kitu cha mbali. Wengi wanadunduliza fedha kwa ajili ya ile ya 150 hadi 600. Mimi nilinunua hiyo hiyo, na ndiyo maana nawasihi waitazame kwanza ya 100 hadi 400.

Tuseme umesimama mita 300 kutoka njia ya kurukia, mahali ambapo walinzi wamekuruhusu, na kamera yako ina sensa (kipande kinachopokea mwanga wa picha) ndogo, ile iitwayo APS-C, kama zilivyo nyingi za wanaoanza. Boeing 787-8 ya Air Tanzania, yenye urefu wa karibu mita 57, itaijaza picha kwa milimita 120 hivi, ilhali Cessna Caravan ya safari za Pemba, ambayo haifiki mita 13, itataka karibu 600. Siku ya kwanza nilipoielekezea Boeing hiyo lenzi yangu, nikiwa nimeirudisha mpaka mwisho wake wa 150, pua iliingia na mkia wenye twiga ukabaki nje. Caravan iliyotoka ndogo unaweza kuikuza baadaye kwa kupunguza kingo za picha, lakini mkia uliokatwa haurudi.

Kisha lipo joto letu. Jua likishapanda, hewa iliyo juu ya lami hutetema, na lenzi ndefu huukuza mtetemo huo pamoja na ndege yenyewe, hata maandishi ya ubavuni yakapinda kana kwamba yameandikwa juu ya maji. Hakuna kioo cha bei yoyote kinachouondoa. Dawa yake ni kusogea karibu, au kufika saa moja asubuhi, hasa mvua za vuli zikiwa zimeisafisha hewa. Na kwa kuwa njia yetu ya kurukia imelala kaskazini kwa kusini na ndege hutua zikiukabili upepo, wakati wa kaskazi nyingi huingia kwa upande wa kusini, na wakati wa kusi huingia kwa kaskazini. Anayelijua hilo husimama panapostahili, na hahitaji urefu mkubwa wa lenzi.

Hakikisheni pia kuwa lenzi ina kituliza mtikisiko. Ukiipiga picha ATR, ndege ya rafadha, kwa 1/1000 ya sekunde, rafadha zake huganda na ndege ikaonekana kama imetundikwa kwa uzi. Ukishuka hadi 1/160 utaziona zikizunguka, ila kwa kasi hiyo mkono mtupu hautoshi.

La mwisho ni kuvu, ambayo kwa unyevu wa visiwa vyetu ni adui mkubwa kuliko mikwaruzo. Lenzi yangu niliinunua mkononi mwa mtu, nje iking'ara, na mwezi mmoja baadaye nikaona ndani ya kioo nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui. Kabla hujatoa fedha, fungua mdomo wa lenzi wote, yaani tundu la ndani linalopitisha mwanga, mulika tochi kutoka nyuma, kisha uchungulie kwa mbele, taratibu, ukiigeuzageuza.

Msomaji wako,
Kiembesamaki, Unguja