Joto la mlima halitoki chini ya ardhi

Ndugu Mhariri,

Wapo wanaoshikilia kwamba visiwa vya volkano vina joto kwa sababu ya moto ulio chini yake, na Mlima Rungwe, volkano ya huku kwetu Mbeya, nao huubebesha hoja hiyohiyo. Joto linalopanda kutoka tumboni mwa dunia, kwa wastani, halifiki sehemu moja ya kumi ya wati kwa mita ya mraba. Jua la saa sita mchana humwaga karibu wati 1,000 papo hapo. Maji ya moto ya Songwe yanaunguza, ni kweli, ila hayajamvua mtu wa Mbeya koti mwezi wa Julai.

Kinachogeuza joto ni kimo cha mlima na upepo unatokea wapi. Chukua hewa yenye unyevu ikiondoka Kyela, mwinuko wa mita 500, ikiwa na nyuzi 30. Ikipanda hupoa nyuzi 10 kila mita 1,000 hadi mawingu yaanze. Tuseme yameanza mita 1,500: zimebaki nyuzi 20. Ndani ya wingu mvuke unaogeuka maji huachia joto, hivyo hewa hupoa kama nusu tu, na kwenye mita 2,500 ina nyuzi 15. Mvua ikishamwagika Tukuyu, hewa huvuka milima ya Uporoto na kuteremkia bonde la Usangu ikiwa kavu, ikipata nyuzi 10 kamili kila mita 1,000. Kwenye mita 1,000 imerudi nyuzi 30. Upande wa Kyela, mwinuko huohuo, ilikuwa 25.

Mvua isiponyesha hesabu huharibika, maana maji ya wingu hushuka na hewa, hukauka njiani na kulichukua tena lile joto.

Kwenye visiwa vya Réunion na Hawaii mambo ni hayohayo, ila Hawaii tabaka la hewa ya joto, juu kidogo ya mita 2,000, huyafunika mawingu kama kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana mji wa Hilo, ulio pwani, unalowa na kilele cha mlima Mauna Kea, mita 4,207, ni kikavu.

Wasomaji wanaopima wenyewe waweke kipimajoto kivulini, mita 1.25 hadi 2 juu ya majani, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha hewa. Kikitundikwa ukutani chini ya bati kitasoma joto la bati. Nanyi, Mhariri, mnapochapa nyuzi za “Mbeya”, tuwekeeni na mwinuko wa kituo, na kiko upande gani wa mlima.

Msomaji,
Uyole, Mbeya